Tumbo, Vijidudu Vyake na Tiba za Asili: Baina ya Sunna Sahihi na Madai ya Wauza Dawa

(Matini ya mawaidha yaliyotolewa kwa waumini baada ya Swala ya Magharibi)



Kila sifa njema anastahiki Allah (s.w.t.), Mola wa viumbe vyote, vinavyoonekana kwa macho na visivyoonekana. Rehma na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake, maswahaba zake na kila aliyewafuata kwa wema. Amma baad.

Ndugu zetu Waislamu, katika darsa zetu maswali ya tumbo yamekuwa mengi kuliko ya mirathi. Mzazi anauliza kama inafaa kumpa mtoto wa wiki tatu asali. Mzee anauliza kama aache vidonge vya hospitali na kushika habat soda peke yake. Kijana anatuletea chupa aliyoinunua nje ya msikiti siku ya Ijumaa, haina jina la mtengenezaji wala tarehe, ila imeandikwa kuwa ni dawa ya Kisunna kwa kila ugonjwa wa tumbo. Tumeona ni wajibu wetu kulizungumza jambo hili kwa uwazi, kwa kuwa ndani yake mna mambo mawili mazito: uhai wa watu, na kumnasibishia Mtume (s.a.w.) yale asiyoyasema.

Tuanze na hili la pili. Ni mashuhuri katika mimbari zetu kwamba Mtume (s.a.w.) amesema kuwa tumbo ni nyumba ya maradhi na kujizuia ndiyo kichwa cha dawa. Maneno haya yana hekima, lakini si hadithi. Ibnul Qayyim katika Zaadul Ma'ad ameeleza kuwa ni maneno ya al-Harith bin Kalada, tabibu wa Waarabu kutoka Taif, na kwamba haisihi kuyanyanyua hadi kwa Mtume (s.a.w.). Ikiwa ni maneno ya tabibu, basi tuyachukue kama maneno ya tabibu, tuyapime kwa elimu ya utabibu. Kilichothibiti katika mlango huu ni ile hadithi ya al-Miqdam bin Ma'dikarib aliyoipokea at-Tirmidhi, inayomfundisha mwanadamu kwamba vitonge vichache vya kumsimamisha mgongo vinamtosha, na kama hana budi kuzidisha basi aligawe tumbo lake mafungu matatu: la chakula, la kinywaji na la pumzi. Hiyo inatosha, wala haihitaji kusaidiwa na hadithi za kubuni.

Sasa ndani ya tumbo hilo mna nini? Wataalamu wa zama hizi wametufunulia kwamba utumbo wa mwanadamu, hasa utumbo mpana, ni makazi ya bakteria wasiohesabika. Kwa miaka mingi ilikuwa ikisemwa kuwa wanazizidi chembe hai za mwili mara kumi. Hesabu iliyofanywa upya mwaka 2016 ilirekebisha dai hilo: mtu mzima wa wastani ana takriban bakteria trilioni 38 na chembe hai trilioni 30 za mwili wake mwenyewe, na bakteria hao wote kwa pamoja wana uzito wa kama gramu 200 tu. Wengi wao hawana madhara. Wapo wanaotengeneza vitamini K, na wapo wanaoyavunja makapi ya vyakula ambayo sisi hatuna uwezo wa kuyasaga. Katika kuyavunja huko hutoka asidi iitwayo byutireti, ambayo ndiyo chakula kikuu cha ukuta wa utumbo mpana. Na jambo kubwa zaidi, kwa kukalia nafasi zote na kula chakula kilichopo, wanawanyima wageni waovu mahali pa kuweka makazi.

Mtoto mchanga huja duniani akiwa hana jeshi hilo. Huanza kulipata wakati wa kuzaliwa, kisha kutoka katika ngozi na maziwa ya mama yake. Na hapa, ndugu zetu, pana ajabu ya kuzingatiwa. Maziwa ya mama yana sukari za aina nyingi ambazo mtoto mwenyewe hawezi kuzisaga. Wataalamu walijiuliza kwa muda mrefu zimewekwa za nini, ikiwa mtoto hanufaiki nazo. Ikabainika kuwa ni chakula cha bakteria wema waitwao bifidobakteria, ambao hustawi katika utumbo wa anayenyonya na kuufanya uwe na uchachu usiowapendeza vijidudu vya maradhi. Mama anamlisha mtoto, na katika maziwa hayo hayo analisha walinzi wa mtoto. Ukisoma katika Surat al-Baqara jinsi miaka miwili kamili ya kunyonyesha ilivyotajwa kwa anayetaka kutimiza, utafahamu kuwa mama anayenyimwa nafasi ya kunyonyesha kwa sababu ya kazi nyingi za nyumbani anadhulumiwa yeye na mwanawe.

Kwa sababu hiyo hiyo tunasema waziwazi: asali asipewe mtoto ambaye hajatimiza mwaka mmoja. Tunajua kauli hii itawashtua baadhi ya wasikilizaji, kwa kuwa asali imetajwa katika Surat an-Nahl kuwa ndani yake mna ponyo kwa watu. Hatuipingi aya, tunajikinga na kufahamu vibaya. Asali inaweza kubeba mbegu za bakteria aitwaye klostridia botulini, ambazo hupatikana katika udongo na vumbi na wala hazifi kwa kuchemsha jikoni. Mtu mzima akizila hazimdhuru, kwa kuwa utumbo wake umejaa wenyeji. Kwa mchanga zinakuta uwanja mtupu, zinaota na kutoa sumu inayolegeza misuli. Dalili ya kwanza mara nyingi ni kufunga choo. Kisha mtoto ananyonya kwa udhaifu, kilio chake kinafifia, shingo inalegea, na misuli ya kupumua inaweza kusimama. Ni maradhi ya nadra, lakini yakitokea yanaweza kufisha, na kuyaepuka hakugharimu chochote.

Tahniki je? Sunna iliyothibiti ni ya tende. Mtume (s.a.w.) alimfanyia hivyo Abdullah bin Zubeir na mtoto wa Abu Musa al-Ash'ari. Wanazuoni wa fiqhi waliposema kuwa ikikosekana tende basi kitumike kitu kitamu, walikuwa hawajui habari ya mbegu hizi. Leo tunazijua, na tende hazijakosekana katika miji yetu, bali zinauzwa mwaka mzima. Aifanyaye aoshe mikono kwa sabuni, awe mzima wa kinywa na kifua, apake kiasi cha ncha ya kidole kilicholainika kabisa, kisha mtoto arudishwe kwa mama yake. Baada ya hapo kwa miezi 6 hahitaji maji, wala maji ya tumbo yanayouzwa madukani, wala uji.

Tuje kwenye asali kwa wakubwa, na kwenye kuhara. Katika Bukhari na Muslim imepokewa kutoka kwa Abu Said al-Khudri (r.a.) kwamba mtu mmoja alimjia Mtume (s.a.w.) kushitaki tumbo la nduguye. Akaamrishwa amnyweshe asali. Akarudi kusema kuwa kuhara kumezidi, akaamrishwa tena na tena, mpaka mgonjwa akapona. Ibnul Qayyim ameifafanua hadithi hii kwa utabibu wa zama zake: kwamba mgonjwa yule alikuwa na mabaki mabaya tumboni, asali ikayasukuma yatoke, na kwamba dawa ina kipimo, ikipungua haitibu. Mwenye kusoma kwa makini ataona kuwa Ibnul Qayyim hakuitumia hadithi kuwa kibali cha kumpa kila anayehara asali bila ya kuangalia sababu, umri na kiasi.

Na mwaka 1985 madaktari wawili wa Durban, Afrika Kusini, Haffejee na Moosa, walitoa utafiti wao katika jarida la madaktari wa Uingereza. Waliwapa baadhi ya watoto wenye kuhara maji ya chumvi yaliyotiwa asali mahali pa glukosi. Wale ambao kuhara kwao kulisababishwa na bakteria walipona mapema zaidi, saa 58 kwa wastani dhidi ya saa 93. Waliohara kwa sababu nyingine hawakupata nafuu ya haraka zaidi. Hebu angalieni: asali ilifanya kazi ikiwa ndani ya maji ya chumvi, na kwa aina moja ya kuhara. Aliyeisoma habari hii juujuu ataondoka na asali akaacha maji ya chumvi, na hapo ndipo mtoto anapokufa.

Kwani anayekufa kwa kuhara huuawa na kukauka maji na chumvi za mwili. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa kuhara huua zaidi ya watoto 400,000 walio chini ya miaka 5 kila mwaka. Dawa yake ni nyepesi kiasi cha kudharauliwa. Katika ukuta wa utumbo mwembamba mna milango ambayo sukari na chumvi huingia kwa pamoja, na maji hufuata nyuma. Mlango huo hubaki wazi hata kuhara kukiwa kukali. Mwaka 1971, wakati wa vita vya Bangladesh, daktari Dilip Mahalanabis alikuwa katika kambi ya wakimbizi huko Bangaon, India, kipindupindu kinaua watu na chupa za maji ya mshipani zimekwisha. Akachanganya chumvi, magadi na glukosi katika maji, akawaachia jamaa za wagonjwa wawanyweshe wenyewe. Vifo vilivyokuwa takriban asilimia 30 vilishuka chini ya asilimia 4.

Pakiti ya ORS inapatikana katika zahanati na maduka ya dawa. Ikikosekana, chukua lita moja ya maji safi yaliyochemshwa na kupoa, tia vijiko vidogo 6 vya sukari vilivyosawazishwa na nusu kijiko kidogo cha chumvi. Usizidishe chumvi kwa kudhani kuwa ndiyo nguvu ya dawa, ikizidi inadhuru. Mtoto anyweshwe kidogo kidogo, aendelee kunyonya na kula, na apewe vidonge vya zinki kwa siku 10 hadi 14 kama atakavyoelekezwa na mhudumu wa afya. Akiwa na macho yaliyozama, hanywi, amelegea, au choo kina damu, ni mbio hospitali usiku huo huo. Wapo wanaompa mtoto wa namna hiyo kombe, maandishi ya zafarani yaliyooshwa kwa maji ya kisimani. Msimamo wetu juu ya kombe mnaujua na hatutaurudia leo. Tunaongeza tu kuwa maji ya kisima yasiyochemshwa ndiyo yaliyomhara mtoto hapo mwanzo.

Jambo la tatu ni vidonda vya tumbo. Zamani madaktari wenyewe walikuwa wakisema kuwa vinatokana na mawazo, pilipili na kukaa na njaa, na watu wetu wengi wangali wanaamini hivyo. Kisha Robin Warren na Barry Marshall, huko Perth, Australia, wakaona kijidudu kilichopinda katika vipande vya matumbo ya wagonjwa, na mwaka 1982 wakafanikiwa kukiotesha. Wenzao wakawacheka, kwa dhana kuwa hakuna kijidudu kinachoweza kuishi katika asidi ya tumbo. Mwaka 1984 Marshall akanywa kikombe chenye vijidudu hivyo. Baada ya siku chache tumbo lake likavimba kwa ndani, akatapika. (Sisi hatumshauri mtu kufanya hivyo, na fiqhi yake ina maneno.) Mwaka 2005 wawili hao walipewa tuzo ya Nobel. Kijidudu hicho ni helikobakta pailori. Watu wengi sana barani Afrika wanacho, na wengi wao hawapati vidonda, lakini anayepata vidonda mara nyingi sababu ni hicho, au ni vidonge vya maumivu kama diklofenaki, ibuprofeni na aspirini vinavyomezwa kila siku kama karanga.

Kipimo chake kipo, cha pumzi au cha choo, na tiba yake ni dawa mbili au zaidi za kuua bakteria pamoja na ya kupunguza asidi, kwa kawaida siku 14. Mgonjwa anayezikatisha siku ya tano kwa sababu amepata nafuu humwacha adui amejeruhiwa na ameshajifunza silaha. Maziwa yanayonywewa kuzima moto wa tumbo hutuliza kwa muda mfupi, kisha huchochea asidi zaidi. Ama habat soda, hadithi yake ni sahihi, imo katika Bukhari na Muslim, kwamba ni ponyo ya kila ugonjwa isipokuwa mauti. Lakini al-Khattabi na wengineo miongoni mwa wafafanuzi wamesema kuwa ni tamko la jumla lililokusudiwa mahususi, yaani maradhi yanayofaa kutibiwa kwa tabia yake. Anayetaka kuitumia pamoja na dawa amwambie daktari wake, kwani mitishamba nayo ina nguvu, na nguvu mbili zinaweza kugombana. Mwenye kutapika damu, au kupata choo cheusi kama lami, au kupungua uzito bila ya sababu, au kushindwa kumeza, huyo hana ruhusa ya kujaribu chupa ya mtu. Na mwenye kidonda kibichi asijitie ushujaa wa saumu kabla ya kushauriana na tabibu mwaminifu. Rukhsa ya mgonjwa imo katika Qur'an yenyewe.

Tukisema hivi hatuwi maadui wa tiba za asili. Sanamaki, ambayo bibi zetu waliijua na habari zake zimo katika vitabu vya hadithi, leo imo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani kwa ajili ya kufunga choo. Ila mwenye maumivu makali ya ghafla ya tumbo asiinywe, huenda ni kidole tumbo. Tangawizi imethibitika kupunguza kichefuchefu, hata kwa mjamzito. Mafuta ya mwarobaini, kinyume chake, yamewahi kuwatia watoto wachanga sumu, ijapokuwa yanasifiwa kila pembe. Uasili wa kitu si dalili ya usalama wake. Ibn Khaldun alikwenda mbali zaidi akasema katika Muqaddima kuwa tiba zilizonukuliwa ni katika ada za Waarabu na wala si katika wahyi. Sisi hatumfuati katika yote hayo, lakini tunaona alikuwa na haki ya kuuliza.

Na kuna dawa isiyouzwa kwenye chupa. Mtu anayekwenda duka la dawa kununua antibayotiki kwa kila kikohozi huwaua pia wale walinzi wa utumboni, na nafasi yao inaweza kushikwa na bakteria mwovu wa kuhara asiyetoka kwa urahisi. (Huko Uholanzi mwaka 2013 ilithibitika kuwa wagonjwa wa namna hiyo hupona kwa kutiwa utumboni kinyesi kilichosafishwa cha mtu mzima wa afya. Mjadala wake wa najisi na dharura tunauwekea siku yake.) Wanaostawisha walinzi hao ni kunde, maharage, mtama, ulezi, mboga za majani na matunda. Ndugu zetu Wahadzabe wa Ziwa Eyasi, wanaokula mizizi, ubuyu na asali ya porini, walichunguzwa katika utafiti uliotolewa mwaka 2014, na bakteria wao wakakutwa wa aina nyingi zaidi kuliko wa wakazi wa Bologna, Italia. Mwaka 2015 watafiti waliwabadilishana vyakula Wamarekani weusi 20 na wanavijiji 20 wa Afrika Kusini kwa wiki mbili. Katika muda huo mfupi dalili za hatari ya saratani ya utumbo zilipungua kwa Wamarekani waliokula chakula chetu, na zikapanda kwa Waafrika waliokula chakula chao. Nasi tunaziona chipsi kuwa ndiyo maendeleo, na dona kuwa ni chakula cha shida!

Mtindi na togwa navyo ni vizuri. Utafiti uliofanywa hapa Tanzania na kutolewa mwaka 1999 ulionyesha kuwa watoto waliolishwa uji wa togwa walipungukiwa na vijidudu vya maradhi katika choo chao. Tumeulizwa kuhusu uhalali wake. Katika Sahih Muslim, Ibn Abbas (r.a.) ameeleza kuwa Mtume (s.a.w.) alikuwa akirowekewa zabibu, akinywa siku hiyo na inayofuata hadi jioni ya siku ya tatu, kisha kilichobaki hunyweshwa mtu au humwagwa. Togwa ya jana yenye uchachu haina tatizo. Ikiachwa mpaka ikapanda povu na kuanza kulevya, imetoka katika hukumu ya chakula na kuingia katika hukumu ya pombe, na kidogo chake ni kama kingi chake. Hivyo akina mama watengeneze ya siku mbili tu.

Tumalizie kwa wale wanaouza chupa milangoni. Abu Daud, an-Nasai na Ibn Majah wamepokea hadithi ya Amr bin Shu'aib, kutoka kwa baba yake, kutoka kwa babu yake, inayomfanya mtu anayejitia utabibu bila ya kujulikana kwa utabibu kuwa mdhamini. Wanazuoni wakaijengea hukumu: mgonjwa akifa au akiharibika kiungo kwa tiba yake, analipa diya au fidia, hata kama nia yake ilikuwa njema na hata kama alisoma Bismillahi kabla ya kumnywesha. Anayemwambia mgonjwa atupe vidonge vya hospitali anaubeba mzigo huo juu ya shingo yake. Na kuuza ndani ya msikiti kumekatazwa kwa dawa na kwa kisichokuwa dawa. Kwa hiyo tumewaomba wasimamizi kuwa kuanzia Ijumaa ijayo asiruhusiwe muuzaji yeyote katika uwanja wa msikiti ambaye chupa yake haina jina la mtengenezaji, vilivyomo na tarehe, na kwamba sanduku la huduma ya kwanza lililoko chumba cha muadhini litiwe pakiti za ORS, za bure kwa yeyote atakayebisha hodi usiku.

Wallahu a'alam.